Nimemwingiza Mjini Shangazi Yangu

Najua nimepotea kama wiki mbili hivi, test zimetubana kwelikweli. Leo nilitaka niandike habari za foleni ya kusaini boom, lakini nimepigiwa simu asubuhi ikaniharibia siku. Kwa hiyo boom itasubiri, si tumeshazoea kuisubiri?

Aliyepiga ni shangazi yangu wa Lushoto. Ana nyumba ya wageni ya vyumba sita. Wateja wake wengi ni Wazungu wanaokuja kutembea kwa miguu milima ya Usambara, wanaenda Irente kutazama mandhari, jioni wanarudi hoi wanataka maji ya moto na chai. Nikamwamkia, hata hakuitikia vizuri.

"Baba, wale watu wako wa mtandao wameleta bili tena. Laki tatu. Nilipe?"

Hilo neno "wako" ndilo lililonichoma, maana ni kweli. Mwaka jana mimi ndiye niliyemwambia alipe. Nilikaa sebuleni kwake na usomi wangu nikamweleza kwamba kuna kitu kinaitwa saraka ya mtandao, yaani tovuti inayoorodhesha biashara kwa mafungu, hoteli huku, kampuni za safari kule, na kwamba jina lake likiingia humo dunia nzima itamwona. Akalipa. Kijana wa chuo kasema, nani abishe?

Basi nikamuuliza kama bado anajaza ile safu niliyomchorea kwenye kitabu cha wageni, ile ya "ulitujuaje". Anajaza, tena kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Nikamwomba anisomee. Kaletwa na kijana anayetembeza wageni. Kaambiwa na rafiki aliyewahi kulala hapa. Kaona kwenye ramani ya Google. Kashushwa na dereva wa basi. Ramani tena. Rafiki tena. Alisoma miezi kumi na moja yote mpaka salio likamwishia nikampigia mimi. Waliosema wametoka kwenye ile saraka ni wangapi? Hakuna. Hata mmoja!

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo wauzaji wanapotuchezea. Watakwambia laki tatu ni kidogo, chumba ni elfu 35, ukipata wageni wa siku tisa tu hela imerudi. Usanii huo! Ile elfu 35 siyo faida. Toa chai ya asubuhi, sabuni, kufua mashuka, umeme, dada wa usafi. Shangazi anabaki na kama elfu 15. Kwa hiyo anahitaji siku ishirini za wageni ambao bila ile saraka wasingekuja kabisa. Na mgeni ambaye angekuja tu kwa njia nyingine hahesabiwi hapo.

Jamaa mmoja hapa Mlimani, anasoma mambo ya kompyuta, akaniambia sijaelewa kitu. Eti faida ya saraka siyo wageni wa moja kwa moja, ni kile kiungo. Google ikiona saraka inaelekeza kwenye tovuti yako inakupandisha juu. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu ilikuwa na ukweli. Ilikuwa.

Jerry Yang na David Filo walikuwa wanafunzi kama sisi, pale Stanford, mwaka 1994 walipoanza kuorodhesha tovuti walizozipenda. Ndiyo ikawa Yahoo. Enzi hizo saraka ilikuwa na kazi kweli, tovuti zilikuwa chache na watu walishuka fungu kwa fungu mpaka wapate wanachotaka. Baadaye Yahoo ikaanza kuzitoza tovuti za biashara, ikafika dola 299 kwa mwaka. Na ile ada ilikuwa ya kuangaliwa tu! Ukikataliwa, hela hairudi. Watu walilipa, kwa sababu Google ilikuwa inahesabu viungo kama kura, na kura ya Yahoo ilikuwa nzito.

Lakini kura zikianza kuuzwa, uchaguzi unakuwa wa nini? Zikazuka saraka chungu nzima zisizo na msomaji hata mmoja, kazi yake kuuza viungo tu. Mwaka 2005 ikaja alama ya nofollow, ya kuiambia Google isikihesabu kiungo fulani. Aprili 2012 Google ikaleta badiliko lililoitwa Penguin, tovuti zilizojijaza viungo vya ujanja zikaporomoka. Mpaka leo sheria zao zinataja viungo vya saraka duni miongoni mwa hila zisizotakiwa. Kwa hiyo aliyelipa ili apande anaweza hata kushuka.

Na zile saraka kubwa zenyewe ziko wapi? Ya Google ilifungwa 2011. Ya Yahoo ilifungwa mwishoni mwa 2014. DMOZ, iliyoendeshwa na watu wa kujitolea bila kutoza senti, ilifungwa Machi 2017. Kama Yahoo yenyewe iliona haina haja ya kuendelea na saraka, huyu anayemtumia shangazi bili ana dawa gani?

Kuna wengine wabaya zaidi. Wanakuletea fomu, eti "thibitisha taarifa zako", unasaini, kumbe kwa maandishi ya sisimizi pale chini umekubali kulipa miaka kadhaa. Usidhani ni sisi tu tunaoibiwa hivyo. Wafanyabiashara wadogo wa Ulaya walilalamika mpaka Bunge la Ulaya likapitisha azimio juu ya kampuni hizo, Desemba 2008.

Sisemi kila orodha ni takataka. Ipo orodha ambayo wateja wenyewe wanaifungua wakitafuta, kama ya chama cha watu wa fani yako. Hiyo lipia. Zipo tovuti za kuwekea nafasi hotelini zinazokata kamisheni mgeni akishapatikana. Zinauma, lakini zinakula baada ya wewe kula. Na kabla ya zote, kujiandikisha kwenye ramani ya Google ni bure, na OpenStreetMap ni bure. Shangazi alikuwa tayari kwenye ramani, na ndiyo iliyomletea wageni.

Mwuzaji akija, muulize ni nani anayeifungua saraka yake, na mwombe majina ya wateja watatu uwapigie simu mwenyewe. Kisha fungua simu yako, tafuta "nyumba ya wageni Lushoto", uone kama saraka yake inatokea popote. Akianza kukueleza habari za "dunia nzima", mpe maji ya kunywa aende zake.

Sasa nageukia kwenu, wenzangu. Tunajuana. Wapo humu chuoni wanaopita Kariakoo na Mwenge wakiuza nafasi za saraka kwa kamisheni, na mmoja wenu nalala naye chumba kimoja. Ananiambia matangazo yote ni bahati nasibu, mbona redioni watu wanalipa? Ndugu yangu, redioni kuna mtu anasikiliza. Wewe unamuuzia mama wa vitenge kibao kilichobandikwa msituni. Na anakununulia kwa sababu una kitambulisho cha chuo shingoni, siyo kwa sababu ameelewa. Najua njaa ya kabla ya boom, naijua sana. Lakini mimi nilimdanganya shangazi bila kupata hata senti, na bado nimeshindwa kumaliza ugali wa mchana.

Nimemwambia asilipe. Laki tatu ya mwaka jana nitamrudishia kidogokidogo boom likitoka. Akacheka, akasema nianze kwanza kwa kwenda kumsalimia.

Mwenye kupinga apinge, ruksa. Ila aje na kitabu cha wageni. Mimi naenda maktaba, test ni keshokutwa.