Caravan yenye injini ya uongo

Wiki jana nilinunua Caravan. Msishtuke, si ile ya kweli, ni ya simuleta. Parafujo za bawa zinahesabika, matairi yana vumbi, hata viti vina mikunjo ya kukaliwa. Muuzaji anajigamba kwamba ameiga ndege hii kwa uhalisia kamili. Nimeirusha siku sita na leo nasema wazi: huo ni uongo, na umefichwa pale ambapo picha haifiki.

Kwa wasioijua, Cessna 208 Caravan iliruka mara ya kwanza Desemba 1982. Ukisimama karibu na uwanja wa Wilson hapa Nairobi asubuhi utaiona: bawa liko juu, magurudumu hayakunjwi, injini moja ya turbopropu puani. Leo inabeba watalii kwenda Mara, kesho viti vinatolewa inabeba mizigo. Inatua kwenye changarawe bila kulalamika. Uwezo huo kwa sehemu kubwa unatoka kwenye injini yake, PT6A ya Pratt & Whitney Canada. Ukiiga ndege hii ukaiacha injini, umeiga sanduku lenye mabawa.

Hebu chukua feni mbili uzielekeze uso kwa uso. Washa moja, upepo wake utaizungusha ya pili ingawa hazijaunganishwa kwa chochote. PT6A iko hivyo. Sehemu moja inavuta hewa, inachoma mafuta na kuzunguka zaidi ya mara 37,000 kwa dakika. Gesi moto inayotoka humo inasukuma turbini nyingine, na hiyo ndiyo inayozungusha propela kupitia gia, hadi mizunguko 1,900. Kati ya sehemu hizo mbili hakuna chuma kinachoziunganisha, ni gesi tu. Ndiyo maana ukisukuma mkono wa nguvu injini haijibu papo hapo kama ya gari. Yangu inajibu papo hapo. Mtu amechukua hesabu za injini ya pistoni akaivalisha sauti ya turbini.

Haya, tuje kwenye kuwasha. Rubani wa Caravan anabonyeza stata, anasubiri mzunguko ufike angalau asilimia 12, ndipo anafungulia mafuta. Macho yake hayatoki kwenye geji ya joto. Kwa injini ya nguvu za farasi 675, kikomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090, tena kwa sekunde 2 tu. Betri ikiwa dhaifu, hewa haitoshi, mafuta yanawaka mahali pamoja na turbini inaungua. Usipoyakata mafuta mara moja umeharibu injini ya pesa nyingi mno. Basi mimi, kwa utundu wa waandika programu, nilifungua faili la mipangilio nikaidhoofisha betri hadi karibu sifuri, kisha nikafungulia mafuta mapema makusudi. Joto likapanda hadi 700, likatulia hapo kama mwanafunzi mwenye nidhamu. Injini ikawaka!

Kilichoniudhi zaidi ni geji ya nguvu ya msokoto. Kikomo chake kwenye injini hiyo ni futi-pauni 1,865, na ndege yenyewe haina kompyuta ya kumzuia rubani asipite. Anayezuia ni mkono wake na jicho lake. Ukisukuma hadi mwisho kwenye hewa ya baridi utapita, na mafundi watakuwa na kazi. Ukizidi kupanda hewa inakuwa nyepesi, na sasa ni joto linalokukataza kabla ya msokoto. Kwenye Caravan yangu nilisukuma hadi mwisho mara kumi na sindano ikasimama 1,865 kila mara. Sijauona msimbo wake lakini naweza kuuandika nikiwa nimefumba macho: thamani ikizidi 1,865, rudisha 1,865. Mstari mmoja, na kazi yote ya rubani imefutwa.

Baada ya kutua, rubani halisi anavuta mkono nyuma zaidi, mapanga ya propela yanageuza pembe na kuanza kusukuma hewa mbele. Ndivyo anavyosimama kwenye kiwanja kifupi. Kwangu mapanga yanageuka vizuri sana kwenye picha. Ndege haipungui mwendo.

Najua mtaniambia ni mchezo tu. Ingeuzwa kama mchezo ningenyamaza. Lakini kuna kijana jirani yangu anayeweka akiba aende kusomea urubani. Saa ya kuruka na mkufunzi ni ghali, kwa hiyo kila Jumamosi anakuja kufanya mazoezi kwenye tarakilishi yangu. Juzi aliwasha ile Caravan akitazama nje ya dirisha, akacheka: "Kaka, hii ni rahisi kuwasha kuliko matatu." Nilimuuliza joto lilifika ngapi. Hakujua, na kwa nini ajue? Amewasha zaidi ya mara thelathini na geji ile haijamwadhibu hata mara moja. Kila Jumamosi anajizoeza kutoitazama, na mazoezi hayo ameyapata kwangu.

Wala wasiniambie haiwezekani. JSBSim, ile programu ya hesabu za urukaji inayotumiwa na FlightGear, ni programu huria, na ndani yake kuna faili la turbopropu, FGTurboProp, ambalo yeyote anaweza kulifungua akasoma. Si kamilifu, lakini aliyeliandika alikaa chini akafikiria turbini. Huyu wetu alikaa chini akafikiria ngozi ya viti.

Nimemwandikia muuzaji barua ndefu yenye namba zote hizi. Amejibu jana, kwa adabu kabisa, kwamba toleo lijalo litakuwa na rangi nne mpya za ndege.