Nyumba Nzima Iketi Pamoja

Mpunga ukishauzwa hapa Rujewa, fedha huleta ugomvi katika baadhi ya nyumba. Baba na mama hawasemezani, mtoto anatoroka shule, nasi twamchapa mtoto. Kwa maoni yetu, hapo haumwi mtoto peke yake. Inaumwa nyumba nzima.

Tiba ya familia ni mazungumzo. Wazazi na watoto huketi na mshauri aliyefunzwa. Kila mmoja husikilizwa, wala hakuna anayehukumiwa. Hufaa watu wanaposhindwa kuelewana, ulevi unapoingia, au baada ya msiba.

Tusingoje ndoa ivunjike. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa kawaida huwataka wanaodai talaka wapite kwanza Baraza la Usuluhishi. Lakini wengi hufika huko mioyo imekwisha kuwa migumu. Tumwone mapema afisa ustawi wa jamii wa Wilaya ya Mbarali.

Palipo na kipigo, usalama kwanza. Sheria hiyo hiyo inakataza kumpiga mwenzi. Anayepigwa asilazimishwe kuketi na anayempiga. Asaidiwe kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.