Feni yenye taa: itazame taa kwanza

Joto la Mombasa halipigi hodi. Kaskazi ikishaingia mwezi wa Desemba, na mpaka Machi ipite, chumba cha kupanga chenye dirisha moja huwa hakikaliki mchana wala hakilaliki usiku. Ndiyo maana watu wengi, wakipata kijipesa kidogo, kitu cha kwanza wanachokifikiria baada ya godoro ni feni, au panka kama wazee wetu wanavyozidi kuiita.

Msomaji mmoja wa Mtongwe, huko Likoni, ametuletea swali ambalo naamini linazisumbua nyumba nyingi nje ya kisiwa, kuanzia Mtongwe kwenyewe hadi Mishomoroni na Magongo. Wana vyumba viwili. Chumba cha mbele kina sehemu moja tu ya stima darini, katikati kabisa. Walinunua feni ya kawaida, fundi akaifunga pale palipokuwa na balbu, na taa akaihamishia ukutani juu, karibu na dari. Tangu siku hiyo binti yao, ambaye anajiandaa kwa mtihani wa KCSE, analalamika kwamba herufi zinamchezea na kichwa kinamuuma. Sasa huenda kusoma barazani kwa jirani, akaliwa na mbu hadi saa nne za usiku. Baba ataka feni ishushwe. Mama asema feni ikishuka, yeye naye ataenda kulala barazani. Wameambiwa suluhisho ni feni yenye taa ndani yake, lakini wakienda madukani wanaona aina kumi na wanarudi mikono mitupu. Wachague ipi?

Kwanza, binti hadanganyi wala hakimbii vitabu. Taa ikiwa juu ya mabawa ya feni, au ukutani kwa kimo cha mabawa hayo, kila bawa likipita huukata mwanga na kuangusha kivuli. Feni ya mabawa matatu inayozunguka mara 240 kwa dakika huangusha vivuli 12 kwa kila sekunde moja. Anayepiga gumzo hatavijali, lakini macho yanayofuata mstari wa hesabu huchoka upesi. Na kuna baadhi ya watu wenye kifafa ambao mwanga wa kukatikakatika kwa mwendo kama huo waweza kuwaamshia ugonjwa. Kwa hiyo hilo si jambo la kulipuuza.

Dawa yake ni kuiweka taa chini ya mabawa. Hapo kivuli hakina njia ya kufika mezani. Wazo lenyewe ni la zamani. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi na kampuni ya Singer, alichukua mota ya cherehani katika miaka ya 1880 akaitundika darini na mabawa yake, ikawa feni. Baadaye akaiongezea taa. Kwa hiyo hii feni yenye taa ni binamu wa Singer ambayo mafundi wetu bado wanaikanyagia barazani.

Tatizo la siku hizi ni kwamba nyingi ya feni hizi hutengenezwa kwa ajili ya kupendeza. Duka limejaa vioo vyenye maua, vipande vinavyometameta, na taa zinazobadilika rangi tatu kwa rimoti. Mnunuzi huuliza habari ya upepo, huuliza bei, husifu urembo, akalipa. Akifika nyumbani usiku ndipo anapogundua kwamba taa yenyewe ni hafifu kama ya chumba cha wagonjwa. Na kwa kuwa feni imechukua mahali pa taa pekee palipokuwapo, nyumba nzima imeingia gizani kwa hiari yake. Shauri langu kwa familia ya Mtongwe, na kwa yeyote mwenye sehemu moja ya stima darini, ni hili: mnanunua taa inayopuliza upepo. Ipimeni kama taa kwanza.

Itapimwaje? Usiamini macho yako dukani, kwa maana dukani kuna taa nyingine ishirini zinawaka. Soma kwenye boksi neno lumeni. Wati zinakwambia stima itakayoliwa, lumeni zinakwambia mwanga utakaoupata. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa lumeni kama 800, sawa na ile balbu ya zamani ya wati 60. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye lumeni 800 kinatosha kwa kula na kuzungumza. Mtu akitaka kusoma au kushona hapo, mimi ningetafuta lumeni 1,500 hadi 2,000, na zaidi kidogo ikiwa kuta zimepakwa rangi nzito. Ikiwa boksi halina lumeni, uliza wati halisi za LED na uzidishe kwa 80. Utapata makadirio ya haki. Ukiambiwa tu kwamba inawaka "sawa na wati 100", omba boksi lingine.

Jambo la pili, na hili ndilo linaloleta majuto mengi, ni kama taa hiyo yaweza kubadilishwa. Ziko feni za namna mbili. Moja ina holda za kawaida, mbili au tatu, za kutia balbu zinazouzwa hata kioski cha mtaani. Nyingine ina sahani ya LED iliyofungwa humo humo. Hii ya pili ni nyembamba na nzuri kuitazama, lakini sahani ile ikiungua, au kile kidude cha kuipa stima kikifa, balbu ya kioski haitakusaidia. Itakubidi uitafute sahani yenyewe, ya ukubwa ule ule, na pengine feni ya aina yako imekwisha kuacha kuletwa. Na stima yetu twaijua: mara imeshuka, mara imepotea, mara imerudi kwa kishindo. Vifaa vya LED havipendi vishindo. Mtu wa kupanga, asiye na pesa za kununua feni mara mbili, aichague ile yenye holda. Balbu tatu za wati 9 zitampa lumeni kama 2,400, na moja ikifa mbili zinabaki zikiwaka. Aangalie tu kama ni holda za pini au za skrubu, asije akanunua balbu zisizoingia.

Zile zenye sahani zipimwe kwa simu. Fungua kamera ya simu, ielekeze kwenye taa inayowaka. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa hata kama jicho lako halioni. Kwa chumba cha mwanafunzi, iache.

Kuna kijifeni kingine kimeingia mitaani miaka ya karibuni, kidogo, chenye taa ya duara na mabawa ndani ya wavu, ambacho huskrubiwa moja kwa moja kwenye holda ya balbu. Ni rahisi, hakihitaji fundi, na wapangaji wanakipenda. Upepo wake ni wa mtu mmoja aliyeketi chini yake. Shaka yangu ni juu ya holda. Holda iliyotengenezwa kubeba balbu, tena ya plastiki iliyokaangwa na joto kwa miaka kumi, sasa inabebeshwa kitu kizito kinachotikisika usiku kucha juu ya vichwa vya watoto. Ikiwa holda yako inaning'inia kwa waya tu, tafadhali usijaribu.

Na hata feni kamili ina uzito wake, kilo 4 hadi 8 pamoja na taa. Dari ya mbao nyembamba au ya jipsamu haiwezi kuubeba mzigo huo. Katika nyumba ya ghorofa, feni huning'inizwa kwenye ndoano ya chuma iliyoshika ndani ya zege. Katika nyumba zetu za Kiswahili na za mabati, hufungwa kwenye boriti au kwenye ubao mnene uliopigiliwa juu kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi akikwambia skrubu nne kwenye dari zitatosha, mpe nauli aende zake.

Pima pia kimo. Mabawa yasiwe chini ya futi 7 kutoka sakafuni, na kumbuka kwamba taa huning'inia chini zaidi ya mabawa. Nyumba za mabati za Changamwe na Kisauni nyingi zina dari fupi, kwa hiyo tafuta feni yenye shina fupi au inayokaa karibu na dari. Wenye kitanda cha ghorofa wawe waangalifu mno. Mtoto wa kitanda cha juu akiketi ghafla usiku, au akinyoosha mkono kuvua fulana, mabawa hayamsubiri. Kitanda kisogezwe mbali, au chumba hicho kipate feni ya mezani.

Kwa chumba cha futi 12 kwa 12, feni ya inchi 48 ndiyo ya kawaida. Chumba kidogo hutoshelezwa na inchi 36 hadi 42. Zile zenye mabawa yanayojikunja na kujificha zikizimwa ni za kupendeza sebuleni, ila upepo wake aghalabu ni mdogo kuliko wa mabawa mapana. Mabawa ya mbao za kubandikwa huvuta unyevu wa Pwani, yakalegea na kuinama, na feni ikaanza kuyumba; bora ya plastiki nzuri au ya bati lililopakwa rangi vizuri. Karibu na bahari, kama Shelly Beach, chumvi hula skrubu kabla hujamaliza kulipa deni la feni. Nao muuzaji akikusifia kwamba feni yake huzunguka kinyume "wakati wa baridi", mshukuru. Hicho ni kifaa cha watu wa theluji.

Sasa tuingie kwenye tokeni, kwa sababu hapo ndipo baba wa nyumba hukunja uso. Feni ya mota ya kawaida hula wati kama 75. Ikizunguka saa 10 kila usiku, kwa mwezi ni yuniti 22 na nusu. Zipo feni mpya za mota ya BLDC zinazokula wati kama 30 kwa upepo ule ule. Hizo ni yuniti 9 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 24 ikiwaka saa 5 kila jioni hula yuniti 3 na kitu. Katika bei za stima zilizotangazwa mwaka 2023, kiwango cha chini kabisa kiliwekewa wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, na utaona feni ya kawaida peke yake inakaribia kuzimaliza. Tazama ujumbe wa tokeni zako za mwisho, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata, kisha uzidishe kwa 13 na nusu. Hiyo ndiyo tofauti ya kila mwezi kati ya feni hizo mbili, na itakuonyesha ni baada ya miezi mingapi ile ya bei ghali itakuwa imejilipa. Na kwa kuwa feni haipoozi chumba, bali hukausha jasho kwenye ngozi, kuiacha ikizunguka chumbani pasipo mtu ni kuwapulizia viti.

Fundi awe mwenye leseni ya EPRA, na mzungumze kabla hajapanda ngazi. Ikiwa ukutani kuna swichi moja na waya mmoja tu wa moto unaopanda darini, taa na feni vitawaka pamoja na kuzimika pamoja. Atavuta waya wa pili, au mtanunua ya rimoti. Feni ya rimoti isiunganishwe kamwe na kile kisanduku cha zamani cha ukutani cha kuongeza na kupunguza mwendo. Kisanduku hicho kiondolewe kabisa, la sivyo kitaiunguza mashine yake.

Binti naye apewe neno moja. Taa ikiwa katikati ya dari na meza imesukumwa ukutani, anayesoma huipa taa mgongo, na kivuli cha kichwa chake huanguka juu ya kitabu. Meza igeuzwe ubavu, mwanga umjie upande wa kushoto ikiwa huandika kwa mkono wa kulia.

Kabla ya kulipa, hakikisha pana stika ya KEBS, mwambie muuzaji aiwashe feni mbele yako, mwendo wote na taa zote, na uulize waranti ya taa mbali na ya mota, kwa kuwa mara nyingi muda wake si mmoja. Boksi na risiti viweke juu ya kabati. Kuvuka feri na feni iliyoharibika isiyo na risiti ni safari ya bure. Mwenye nyumba aarifiwe kabla dari halijaguswa, na ile holda ya zamani itie kwenye mfuko uihifadhi. Siku ya kuhama utairudisha mahali pake na kuondoka na feni yako.