Si Kituliza Picha, ni Kituliza Mkono

Wanafunzi wenzangu wa lugha hupenda kusema kwamba jina ni jina tu, mradi watu wanaelewana. Mwaka jana nami nilisema hivyo. Leo ninaamini kwamba jina baya la kifaa kimoja kidogo lilinipotezea siku mbili za kazi ambazo sitazipata tena.

Nilikuwa ninamrekodi mzee mmoja, msemaji wa Kimangbetu, aliyekuja Kisangani kwa matibabu na kukaa kwa binti yake. Lugha hiyo ina sauti iliyo adimu duniani: midomo miwili hukutana, kisha pumzi huitikisa haraka haraka, kama mtu anayetetemeka kwa baridi. Kinasa sauti kinaleta mlio wake, lakini kuonyesha midomo inafanya nini kunahitaji video. Ukimsogezea mtu kamera hadi puani, anakaza kinywa na kuongea kama mtangazaji wa redio. Kwa hiyo nilisimama mita 4 mbali naye, chini ya mwembe, nikiwa na lenzi ndefu ya milimita 300 niliyoazima.

Ubavuni mwa lenzi hiyo kulikuwa na swichi ambayo sisi huku tunaiita kwa Kifaransa, stabilisateur d'image, yaani kitu kinachotuliza picha. Nikaiwasha. Kivuli kilikuwa kizito, nikaweka muda wa mwanga kuwa 1/25 ya sekunde. Nilijiambia: hakuna shida, picha itatulizwa. Jioni nilipofungua kompyuta, kola ya shati la mzee ilikuwa safi, hata uzi wa mshono ulionekana. Midomo yake ilikuwa ukungu mtupu.

Kesho yake niliazima tripodi, nikafunga kamera vizuri juu yake na kuiacha swichi ikiwa imewashwa. Safari hii picha ilihamahama polepole, kushoto na kulia, kama mtumbwi usiofungwa kamba. Sikuweza kupima mwendo wa midomo juu ya picha ambayo yenyewe inatembea.

Nikampelekea kazi hiyo jirani yetu anayepiga picha za harusi. Alitazama kidogo, akacheka. “Mdogo wangu, hiyo swichi ni ya mkono wako. Si ya mzee.”

Alikuwa na haki. Ndani ya lenzi kuna vihisio vinavyopima jinsi kamera inavyoyumba, na kuna kioo kimoja au zaidi kinachosukumwa upande wa pili ili kufuta yumbo hilo. Lenzi ndefu inakihitaji kifaa hicho kuliko lenzi fupi, kwa sababu inayokuza uso inakuza pia mtetemo wa mkono. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kwamba ukishika lenzi ya milimita 300 mkononi, muda wa mwanga usizidi 1/300 ya sekunde. Kifaa chenye nguvu ya hatua 3 kinakuruhusu kurefusha muda huo mara 8, hadi karibu 1/40. Lakini hesabu hiyo yote ni ya mkono. Mtu akigeuza kichwa, ndege akiruka, midomo ikitikiswa na pumzi, kifaa hakina habari. Dawa ya hapo ni kufupisha muda wa mwanga na kutafuta mahali penye mwanga zaidi. Na kamera ikiwa imetulia kabisa juu ya tripodi, lenzi nyingi za zamani huendelea kutafuta mtetemo usiokuwepo, na kuutafuta huko ndiko kunakotikisa picha. Lenzi nyingine za kisasa hutambua tripodi zenyewe. Ile niliyoazima haikuwa miongoni mwazo.

Sasa tazameni majina. Canon, walioleta mwaka 1995 lenzi ya kwanza ya kubadilishwa ya aina hii, waliiandika IS, jina linaloahidi kutuliza picha. Nikon huandika VR, jina linalosema mtetemo unapunguzwa. Kifaa ni kile kile, lakini jina la pili lina ukweli zaidi. Kifaransa chetu kilifuata la kwanza, nami nikakifuata Kifaransa.

Kiswahili kinaweza kufanya vizuri kuliko yote mawili, na kwa njia tuliyoizoea. Tunasema kipaza sauti, kinasa sauti, kizima moto: kitenzi, halafu kile kinachotendewa. Basi tuseme kituliza mkono. Anayesikia jina hilo mara ya kwanza anajua tayari kifaa kinatuliza nini, na anaweza kukisia wakati wa kukizima: mkono usipokuwepo.

Najua nitakavyojibiwa. Wapiga picha wa mjini watasema stabilisateur hadi mwisho wa dunia, na ni haki yao. Jirani yangu naye husema hivyo hivyo, na hakosei, kwa kuwa ameshika kamera miaka mingi. Lakini sisi hatuna miaka hiyo. Tunaazima kamera Jumatatu na kuirudisha Ijumaa, na jina mara nyingi ndilo somo pekee tunalopata.

Kwa hiyo naomba jambo moja kitivoni: kabla ya mwanafunzi kwenda nyanjani na lenzi ndefu, afundishwe kuuliza nani anatikisika. Kama ni mkono wangu, nawasha. Kama ni ninayempiga picha, nafupisha muda wa mwanga, kwani swichi haitanisaidia. Kama namfuata kwa kamera mvuvi anayepita kwa mtumbwi, natumia hali ya 2, ambayo lenzi nyingi ndefu zinayo, ili irekebishe juu na chini tu bila kupigana na mwendo wangu. Kama hakuna anayetikisika, nazima, na betri itanishukuru siku ambayo umeme umekatika.

Mzee alirudi kwao Haut-Uele wiki ile ile. Sauti yake ninayo, na mshono wa kola yake ninao. Midomo yake sina.