Haraka ya Desemba ni Hasara ya Machi

Ndugu wakulima wa skimu za makazi,

Kila mwaka, sikukuu zikisha kupita, watu huja ofisini petu na swali moja: "Bwana Karani, hakuna namna ya kukopeshwa mbegu?" Nami huwauliza fedha za mavuno zimekwenda wapi. Hucheka kidogo, hutazama chini, kisha hujibu, "Si unajua Krismasi!"

Naam, naijua. Mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Takawiri, na mama yangu hukaa huko hata leo. Sisi wa visiwani na ninyi wa bonde la Lambwe hukutana katika soko moja la Mbita, na mwezi wa Desemba ndipo tunapokutana kwa wingi. Ninyi huleta mahindi na kuku, sisi huleta omena na samaki. Jioni kila mtu hurudi kwake na sukari, unga wa ngano, nguo za watoto na sufuria mpya. Hilo si kosa. Mtu aliyelima mwaka mzima anastahili kula na watoto wake kwa furaha. Lakini nadhani tunajidanganya tunaposema kwamba wezi na walaghai ndio wanaotumaliza. Adui wetu wa kwanza sokoni ni haraka yetu wenyewe. Mlaghai huja baadaye, akiikuta haraka imekwisha kumfungulia mlango.

Nitawaeleza jambo lililonipata ili msifikiri nahubiri tu. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya Krismasi, nilichelewa kufika Mbita. Mashua ya mwisho ya Takawiri ilikuwa karibu kuondoka, na mwenye mashua alikuwa akiita watu. Karibu na ufuo palikuwa na kijana aliyetandaza pakiti za mbegu za mahindi kwa nusu ya bei ya dukani. Nikafikiri, hii ni zawadi nzuri kwa mama. Nikanunua pakiti 5 za kilo 2, yaani kilo 10, kiasi cha ekari moja, nikakimbilia majini. Sikutazama lebo, wala sikuomba risiti. Ni mimi yule yule ambaye nimepiga chapa maneno "nunueni mbegu zilizothibitishwa" mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu!

Mashua ilikuwa imejaa watu na magunia hata ukingo wake ulikaribia maji. Tulipofika katikati upepo ulivuma, maji yakaanza kuingia. Mama mmoja akafungua sufuria yake mpya, tukapokezana kuyateka maji na kuyamwaga ziwani mpaka tukafika. Watoto walilia. Hakuna aliyevaa jaketi la kuokolea maisha. Tulimshukuru Mungu, tukala sikukuu, tukasahau. Mwezi wa Machi mama alipanda zile mbegu, na hata robo yake haikuota. Alipopata nyingine, mvua nzuri ilikuwa imekwisha kupita. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Basi hebu tuone mambo matatu ambayo haraka hutunyang'anya.

La kwanza ni hesabu. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Kabla ya kuuza hata debe moja, keti pamoja na mwenzi wako jioni, mwandike katika daftari mambo ambayo hayawezi kungoja: karo ya Januari, mbegu na mbolea za mvua za masika, na chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo. Fedha za mambo hayo zitengwe kwanza. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, kiwe kingi au kidogo. Wengi wetu hufanya kinyume: hununua ya sikukuu kwanza, kisha hutafuta mbegu katika mfuko mtupu.

Tena tazameni jinsi tunavyouza. Tuseme umeuza mahindi mwezi wa Desemba kwa Sh. 80/- kila gorogoro, kwa sababu unataka fedha upesi. Mwezi wa Mei ghala limekauka, nawe unayanunua mahindi yale yale kwa Sh. 130/-. Umepoteza Sh. 50/- kila gorogoro. Gunia la kilo 90 lina gorogoro kama 45, basi katika gunia moja umepoteza Sh. 2,250/-. Bei hizi ni za mfano tu, lakini weka bei za soko lako mahali pake uone mwenyewe. Viatu ulivyodhani umevinunua kwa bei nafuu, hiyo ndiyo bei yake kamili.

La pili ni ukaguzi. Bidhaa mbovu hupenda umati wa watu, maana katika umati hakuna mwenye nafasi ya kutazama. Mwaka 2024 hapa Kenya iligunduliwa kwamba mbolea isiyofikia viwango ilikuwa imeuzwa kwa wakulima, na Serikali ikaahidi kuwafidia. Ikiwa udanganyifu waweza kuingia hata katika magunia ya mbolea, je, utakosekana kwa mchuuzi wa siku moja asiye na duka?

Pakiti ya mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya KEPHIS, shirika la Serikali la kukagua afya ya mimea. Kwangua lebo hiyo, tuma namba utakayoiona kwa ujumbe wa simu kwenda 1393, nawe utajibiwa ni mbegu gani na ya nani. Vitu vya viwandani vina alama ya ubora ya KEBS, na namba iliyo chini ya alama hiyo huweza kuhakikiwa kwa ujumbe kwenda 20023. Taa ya sola iwashwe mbele yako. Unga na sukari vipimwe ukitazama. Omba risiti na uitunze, maana Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Lakini mtu asiyekumbuka alinunua kwa nani atamdai nani?

Fedha nazo zahitaji macho. Noti ya zamani ya Sh. 1,000/- ilikoma kuwa fedha halali tarehe 1 Oktoba 2019, basi usiipokee hata ukibembelezwa. Inueni noti mpya kwenye mwanga, mtaona kichwa cha simba ndani ya karatasi. Ukilipwa kwa M-Pesa, usimwachie mtu kuku wako kwa kuonyeshwa ujumbe katika simu yake. Tazama salio lako mwenyewe kwanza. Akipiga simu mtu usiyemjua, akisema ametuma fedha kwako kwa makosa na anaomba umrudishie upesi, neno hilo "upesi" likuamshe. Mwambie afuate njia iliyowekwa, yaani apeleke ujumbe wa malipo yake kwa 456, na kampuni itashughulika naye. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni.

La tatu ni uhai, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania wa ziwa hili letu. Kilikuwa kimejengwa kuchukua watu 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220, na wengi wao walikuwa wametoka sokoni Bugolora na bidhaa zao. Kilikuwa kimebakiza mita chache tu kufika gatini. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu kama sisi, wanaotaka kufika nyumbani kabla ya giza.

Ninyi wa bondeni mnaokwenda kuwatembelea jamaa Takawiri au Mfangano wakati wa sikukuu, vukeni asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Usiingie chomboni kabla ya kupewa jaketi la kuokolea maisha, na ulivae, usilikalie. Ukiona mashua imejaa, kaa ufuoni hata wakikucheka. Ukiona nahodha anaongeza magunia, waambie viongozi wa ufuo, yaani kamati ya BMU. Kulala Mbita usiku mmoja ni gharama, lakini gharama hiyo hulipika.

Najua wengine mtanijibu, "Karani, wewe una mshahara. Sisi fedha zetu huja siku za mwisho, tutanunuaje mapema?" Ni neno la haki. Lakini si lazima vitu vyote vinunuliwe siku moja. Sare za shule huweza kununuliwa mwezi wa Oktoba, mnapouza maharagwe kidogo. Sukari huweza kununuliwa kilo moja kila wiki na kufungwa vizuri. Na mbegu, ambazo ndizo kazi yetu, zinunueni katika duka linalojulikana siku ile ile mnayouza mahindi, kabla fedha hazijazoea mfuko. Hata majirani watano huweza kumtuma mtu mmoja mwaminifu, mwenye daftari, aende sokoni siku isiyo na msongamano. Nauli ni moja, na macho yake hayana haraka.

Wazee wenu walipofika bonde la Lambwe walikuta vichaka na mbung'o. Walifyeka kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka pakawa mahali pa kukaa watu na ng'ombe. Shamba lililopatikana kwa subira namna ile haifai lipotezewe msimu kwa haraka ya alasiri moja sokoni.

Mwaka huu mimi nimekwisha kumpelekea mama mbegu zake. Lebo nimeikwangua mwenyewe, na nilivuka asubuhi. Aliipokea pakiti, akaigeuza, akaisoma lebo pande zote mbili, kisha akaniuliza risiti iko wapi. Nilifurahi sana kwamba nilikuwa nayo.

Nawatakieni sikukuu njema, na masika yenye mimea iliyoota.