Hekta ya bei rahisi, lakini maji iko wapi?



Kuanzia Kawizi mpaka Luvungi, katika mikutano ya koperativi, kuna swali moja linarudi kila mara: «Agronomi, kuna hekta kumi zinauzwa bei rahisi. Tununue ao tuache?» Swali hilo lina ndugu yake, lakini huyo anaulizwa kwa sauti ya chini, kisha mkutano: «Niko na hekta mbili kavu, hazizai kitu. Mtu wa mji anazitaka. Nimuuzie?»

Wote tunajua namna ardhi hiyo inavyouzwa. Komisioneri anakusimamisha kandokando ya barabara ya taifa nambari 5, ananyoosha mkono. Magharibi ni milima ya Mitumba, mashariki ni milima ya Burundi, katikati ni uwanda wazi, majani makavu na miti ya miiba. «Angalia namna gani ni pazuri.» Kweli ni pazuri. Lakini muhogo haunywi uzuri wa mlima.

Mawazo yangu ni haya. Koperativi isinunue hekta kavu kama haijajua maji yake, watu wake na karatasi yake. Memba naye asiuze hekta kavu eti kwa sababu inaonekana haina kazi. Na kama makuta ya koperativi ni kidogo, yaende kwanza kwenye mfereji tulio nao, siyo kwenye ardhi mpya.

Bei ndogo inaficha deni

Plaine ya Ruzizi siyo jangwa la kweli. Kwa mwaka tunapata mvua ya karibu milimita 800 hadi 1000, wakati Bukavu inapita 1300. Shida ni kwamba mvua yetu haigawanyiki sawasawa. Musimu A na musimu B vinakula karibu yote, halafu kuanzia mwezi wa sita hadi mwezi wa tisa mbingu inafunga. Mtu akija kutembelea ardhi mwezi wa nne, anaona majani mabichi na anatoa pesa. Arudi mwezi wa nane ndipo atajua alichonunua.

Tufanye hesabu pamoja. Milimita 1 ya maji juu ya hekta 1 ni litri 10 000. Mahindi yanayokaribia kutoa maua, chini ya jua la Plaine, yanaweza kunywa milimita 5 kwa siku. Hiyo ni litri 50 000, ni kusema bidoni 2500 za litri 20, kwa hekta moja, kwa siku moja. Nani atazibeba? Kama ni motopompu, nani atalipa mazutu ao esanse, mabomba, na fundi siku itakapoharibika? Mto Ruzizi unaonekana karibu kwa macho, lakini maji yake yako chini; kuyapandisha kila siku ni gharama isiyoisha.

Angalieni mahali mpunga unapozaa vizuri: Luberizi, Sange, Kiringye. Kule maji inashuka yenyewe kutoka mlimani kwa njia ya mifereji. Haiombi mafuta. Ndiyo sababu hekta ya pale ni ghali, na hekta ya mbali na mfereji ni rahisi. Muuzaji hakukuhurumia. Ametoa tu bei ya maji ndani ya bei ya ardhi, na maji hayo utayalipa wewe, kila musimu.

Penye kuona mlima vizuri

Kuna wanaosema: basi tununue chini kabisa ya mlima, karibu na mito, maji yatakuwepo. Hapo pia tuangalie. Mito yetu inashuka haraka kutoka juu, na mlima unapokatwa miti inashuka na mawe na udongo. Watu wa Uvira hawajasahau usiku wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipotoka katika njia yake na kubeba nyumba na watu. Kama unatembelea shamba chini ya mlima ukakuta mawe ya mviringo yametawanyika juu ya ardhi, ujue mto ulishapita hapo. Korongo kavu la mwezi wa nane siyo barabara. Ni njia ya maji inayongoja mwezi wa nne.

Na upande wa chini, ziwa nalo limepanda katika miaka hii, likaingia katika nyumba za Kavimvira na Kilomoni. Kwa hiyo si ajabu mtu wa mji kutafuta pakavu upande wa Kiliba na Runingu. Tusimlaumu. Lakini tujue kwamba yeye anatafuta mahali pa kujenga ao pa kuweka makuta yake, sisi tunatafuta mahali pa kula. Ardhi inayomfaa yeye inaweza isitufae sisi.

Katikati ya Plaine kuna shida nyingine, chumvi. Mahali pengine, mwisho wa kiangazi, unaona kitu cheupe juu ya udongo kama unga. Hiyo siyo ugonjwa wa juu tu. Chumvi inapandishwa na maji ya chini yanayokaushwa na jua. Ukimwagilia bila njia ya kutoa maji, unaiongeza. Pale mahindi na maharagi vitateseka hata ukileta mbolea.

Ardhi tupu ambayo siyo tupu

Neno linalonisumbua zaidi katika biashara hii ni «shamba tupu». Huku kwetu ni mara chache kukuta ardhi isiyo na mtu. Ile hekta kavu unayoonyeshwa inaweza kuwa njia ya ng'ombe. Kiangazi kikikomaa, wafugaji wanaweza kupita hapo na ng'ombe wakitafuta majani. Anayenunua mwezi wa tatu hawaoni. Mwezi wa saba anakuta ng'ombe ndani ya mihogo yake, na hapo ndipo ugomvi unaanza, na tunajua sote ugomvi wa ng'ombe na shamba ulikotufikisha katika Plaine hii.

Inaweza pia kuwa ardhi ya mtu aliyekimbia. Tangu vita vya 1996 na 1998, watu wa Uvira na Fizi wamevuka ziwa na mto mara nyingi. Kambi ya Nyarugusu kule Tanzania ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, na watoto waliozaliwa mule leo ni watu wazima wenye watoto. Shamba la baba yao halikufa. Jirani aliyebaki, ao kaka mdogo aliyechoka kungoja, anaweza kuliuza kwa bei rahisi sana, sababu anauza kitu kisicho chake. Koperativi ikinunua hapo, haijanunua ardhi. Imenunua kesi.

Na kuna wamama. Mara ngapi mjane ao mke wa pili analima kipande kwa ruhusa ya mdomo, halafu siku moja anasikia kimeuzwa? Kabla ya kulipa hata franka moja, ulizeni nani anachuma kuni hapo, nani anakata majani ya nyumba, nani alipanda ile miembe miwili. Hao ndio watakaowaambia ukweli.

Karatasi

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Kinachouzwa ni haki ya kuutumia. Mwami, shefu wa lokalite na kapita wana neno lao, na neno hilo ni zito, lakini karatasi iliyosainiwa mbele yao siyo mwisho wa safari. Mwisho ni sertifika ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi.

Mbele ya kufika pale, sheria inaomba uchunguzi ufanyike palepale shambani. Wapime mipaka, waandike watu waliopo na kazi wanazofanya, waandike miti na maji, wasikilize malalamiko ya mdomo na ya maandishi. Uchunguzi huo ukifanyiwa mezani mjini, jirani ndiye anayeumia. Na tushike hii vizuri: kisha miaka miwili, sertifika inakuwa ngumu sana kupindua. Aliyenyang'anywa anabaki kudai fidia, siyo shamba lake. Kwa hiyo kijiji kinachonyamaza miaka miwili kimeshapoteza.

Kwa koperativi kuna jambo lingine. Haki ya ardhi isiyo na mwisho wa wakati, sheria inampa mtu wa kimwili mwenye uraia wa Kongo. Chama kama koperativi kinapata mkataba wenye wakati, kama ule wa miaka 25 unaoweza kurudiliwa. Juu ya hiyo, wengine wanaona ni rahisi zaidi kuandika ardhi kwa jina la prezida. Hapana. Siku prezida atakapokufa ao kugombana na wenzake, ardhi itafuata watoto wake. Heri miaka 25 kwa jina la koperativi iliyosajiliwa kuliko milele kwa jina la mtu mmoja.

Wenzetu wa Kajiado

Kule Kenya, kusini ya Nairobi, Wamaasai wa Kajiado walikuwa na ardhi kavu ya pamoja, pana, yenye kutazama Ngong na, mbali zaidi, Kilimanjaro. Sheria ya 1968 iliwapa hati za kikundi. Baadaye vikundi vingi vikagawanya ardhi, kila mtu kipande chake, na wengi wakawauzia watu wa Nairobi. Kitengela ikajaa nyumba na uzio. Ulipokuja ukame mkali wa 2009, ng'ombe walihitaji nafasi ya kutembea kutafuta majani, lakini njia nyingi zilikuwa zimeshakatwa vipande. Pesa ya kuuza ililiwa mara moja. Nafasi ya kutembea haikurudi. Ardhi kavu inasaidia kwa sababu ni pana na ni ya pamoja. Ukiikata vipande vidogo, kila kipande peke yake hakina nguvu.

«Tusiponunua sisi, watanunua wengine»

Neno hili nalisikia mara nyingi, na lina ukweli ndani yake. Ardhi ya kandokando ya barabara haitabaki bei hii. Na ardhi kavu siyo laana: mtama unavumilia, muhogo unavumilia, miti ya kuni na mbao inaweza kupandwa, majani ya mifugo yanaweza kulindwa. Kama koperativi inataka hekta kavu kwa kazi hizo, na imeandika kabisa ni kazi gani, ninaiunga mkono. Sheria yenyewe inamtaka mwenye kupewa ardhi ya shamba aitumie, asiiweke tu akitazama milima.

Ninachokataa ni kuinunua kwa matumaini kwamba siku moja maji itakuja. Mifereji mingi tuliyo nayo imejaa udongo na majani, maji inapotelea njiani mbele ya kufika kwa wakulima wa mwisho. Koperativi yenye makuta ya kununua hekta kumi kavu ikiyatumia kusafisha mfereji, kurudishia milango ya maji na kupanda miti juu ya chanzo, itapata hekta nyingine ndani ya zile ilizo nazo. Hizo hazina komisioneri wala kesi.

Kama bado mnataka kununua, fanyeni haya mbele ya kulipa:

1. Tembeleeni ardhi mara mbili: mwezi wa nne na mwezi wa nane.
2. Chimbeni shimo la metre moja mahali patatu. Angalieni mawe, udongo mgumu, chumvi. Jazeni maji jioni, murudi asubuhi muone kama yameingia.
3. Pimeni kwa miguu umbali wa maji yasiyokauka, na uliza nani ana haki ya kuyachota.
4. Iteni majirani wote, wafugaji na wamama pia, mbele ya shefu, na kuandika wanachosema. Ulizeni familia ya mwenye shamba iko wapi.
5. Muende wenyewe kwa kadasta na kwa konservateri kuuliza kama ardhi haijaandikwa kwa mwingine. Msimtume komisioneri.

Na wewe memba unayetaka kuuza: kama ni ada ya shule ao hospitali inakusukuma, njoo kwanza kwenye koperativi. Kukodisha kwa musimu mbili, kwa maandishi, kunaleta makuta na shamba linabaki. Mjukuu wako hatakuuliza uliuza dola ngapi. Atauliza alime wapi.

Ninaomba jambo hili liwekwe katika ajenda ya mkutano mkuu wa kila koperativi mbele ya musimu A kuanza. Kamati isiamue peke yake. Makuta ni ya wanamemba wote, na mzigo wa ardhi mbaya wataubeba wote.