Jezi ya Boca iko Kitengela, ya Feisal iko wapi?

Kitengela ni mji wa watu wa kuja. Wapo wafanyakazi wa viwanda vya EPZ vya Athi River, wapo madereva wa malori ya Namanga, wapo Wamaasai ambao ardhi ile ilikuwa malisho yao tangu jadi, na wapo ndugu zetu wa Pwani waliofuata riziki bara. Mitumba ikimwagwa sokoni, mama hutafuta sweta la mtoto wa shule na kijana hutafuta jezi. Siku hizi kijana huyo haridhiki na jezi mpya ya kuigiza iliyochapwa juzi. Anataka kuukuu, ya asili, tena ya klabu ambayo wenzake hawana. Ikitokea ya Boca Juniors ya Argentina, ile ya bluu yenye mkanda wa manjano kifuani, haifiki jioni.

Biashara hii ina lugha yake. Robota likifunguliwa, nguo bora zinazochaguliwa mwanzo huitwa kamera, na mabaki ya mwisho ni fagia. Jezi ya mkusanyaji ni kamera ya kamera. Mjuzi haanzi na rangi. Huipindua ndani nje akatafuta lebo ndogo yenye nambari ya bidhaa, hupapasa nembo kujua kama imeshonwa au imebandikwa, kisha husoma jina la mdhamini na alama ya mtengenezaji. Boca walivaa Nike kuanzia 1996 hadi 2019, wakahamia Adidas Januari 2020. Kwa hivyo ukiuziwa jezi ya Boca yenye alama ya Nike ukaambiwa ni ya 2021, hiyo ni feki hata muuzaji aape mara saba. Vijana wa bara wanayajua haya kwa kichwa, na wengi wao hawajawahi kukanyaga hata uwanja wa Ildamat mjini Kajiado, sembuse Buenos Aires.

Wazee watauliza: upuzi gani huu wa kukusanya matambara? Basi tuzungumze pesa, kwa kuwa ndiyo lugha isiyohitaji mkalimani. Mei 2022, jezi aliyovaa Diego Maradona dhidi ya Uingereza katika Kombe la Dunia la 1986, siku ya lile bao la mkono, iliuzwa katika mnada wa Sotheby's jijini London kwa takriban pauni milioni 7.1. Aliyekuwa nayo ni Steve Hodge, kiungo wa Uingereza aliyebadilishana naye jezi baada ya mechi, akaitunza miaka 36. Desemba 2023, jezi 6 ambazo Lionel Messi alivaa katika Kombe la Dunia la Qatar ziliuzwa New York kwa dola milioni 7.8. Hakuna anayetarajia bahati ya namna hiyo katika robota la Kitengela. Lakini ona kilichofanya tambara liwe mali: ni kwamba kuna mtu aliyeliweka, na kuna ushahidi wa nani alilivaa na lini.

Hapo ndipo sisi watu wa Pwani tunapaswa kujikuna. Marobota hayo yote hushukia Kilindini. Jezi ya Boca hupita mbele ya macho yetu ndani ya kontena, ikapanda lori hadi Gikomba, kisha ikateremka Kitengela. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki waliazimia kuacha mitumba kufikia 2019. Marekani ikatishia kufunga mlango wa AGOA, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikapoteza nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru mwaka 2018. Mwaka 2020, wakati wa korona, serikali ilipiga marufuku mitumba kuanzia Machi hadi Agosti, na wengi tunakumbuka Kongowea ilivyokuwa. Kila mara tunabishania nguo zinazoingia. Sijasikia mjadala wowote kuhusu nguo zetu wenyewe zilizopotea.

Tuitazame hiyo Boca kidogo, maana hadithi yake ingeweza kuwa ya Mombasa. Ni klabu ya bandarini. Ilianzishwa Aprili 1905 na vijana wa familia za wahamiaji wa Kiitaliano katika mtaa wa La Boca, penye gati na mabohari. Husimuliwa kwamba walipokosa kukubaliana kuhusu rangi, waliamua kuchukua rangi za bendera ya meli itakayoingia bandarini. Ikaingia meli ya Sweden, na ndiyo bluu na manjano hadi leo. Mtu wa Kilindini haoni ajabu yoyote katika kisa hicho. Tofauti ni kilichofuata. Klabu ile ni mali ya wanachama wake, na wanachama waliweka kila kitu: jezi, picha, vikombe, tiketi, barua. Mwaka 2001 wakafungua makumbusho ndani ya uwanja wao, La Bombonera, na watalii hulipa kiingilio kuyaona. Mahasimu wao River Plate, waliozaliwa mtaa huo huo, walifungua yao 2009.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1965 klabu ya Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa ya Kenya. Ligi ilikuwa na umri wa miaka 2 tu. Nakuru All Stars walikuwa wameichukua 1963 na Luo Union 1964. Feisal wakawa wa tatu, na tangu hapo taji hilo halijarudi Pwani. Miaka 60 na zaidi. Ningependa kuiona jezi moja tu ya Feisal wa 1965. Ukiingia makumbusho ya Fort Jesus utaona vyombo vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Vya Mreno aliyezama tumevitoa chini ya bahari. Vya mabingwa wetu waliocheza mchana kweupe, watu wakitazama, havimo.

Sababu si uvivu peke yake. Kwa klabu isiyo na pesa, jezi ilikuwa chombo cha kazi kama jembe. Ilirudishwa baada ya mechi, ikafuliwa, ikavaliwa tena hadi itatuke, kisha ikapewa timu ya watoto mtaani ikamalizikia huko. Halafu zikaja zile amri za mwisho wa miaka ya sabini dhidi ya majina ya kikabila: Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Klabu ikibadilishwa jina, kabati lake nalo hufunguliwa na kumwagwa, na hakuna anayeuliza. Timu za makampuni nazo zilikufa au kugeuzwa jina kila kampuni ilipogeuka. Hata Gor Mahia, walioleta Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 baada ya sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Kasarani dhidi ya Espérance, jezi za siku hiyo ziko mikononi mwa watu binafsi, kama bado zipo.

Wala tusijidanganye kwamba ni mambo ya zamani. Bandari FC walichukua kombe la shirikisho 2015, wakalirudia 2019, wakaenda kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Jaribu kuitafuta jezi ya asili ya msimu ule wa 2019. Ya Boca ya mwaka huo utaipata haraka zaidi.

Tanzania wameamka mapema. Yanga, ya 1935, na Simba, ya 1936, hugeuza uzinduzi wa jezi kuwa sikukuu kila mwanzo wa msimu, na wafanyabiashara hushindania zabuni ya kuzitengeneza na kuziuza kwa mabilioni ya shilingi. Shabiki wa Tanga au Unguja hununua jezi ya kila msimu kama mtu anunuavyo kanga mpya ya sikukuu, na ya zamani huikunja akaiweka. Bila mtu yeyote kupanga, nyumba za mashabiki zimekuwa makumbusho. Hapa kwetu tuliionja ladha hiyo Agosti 2025 wakati wa CHAN, Harambee Stars walipofika robo fainali na jezi za taifa zikatafutwa kila kona. Nyingi zilizovaliwa zilikuwa za kuigiza, kwa sababu za asili hazikupatikana kwa urahisi, na faida ikaenda kwa wachapaji wa vichochoroni badala ya mpira wenyewe.

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda wataandaa AFCON. Wageni watakuja, na wengi watashuka Pwani kuogelea hata kama mechi zao ziko Nairobi. Mtu wa Senegal au wa Argentina akiuliza mpira wa Mombasa ulianzia wapi, tutamwonyesha nini? Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka makumbusho na michezo vyote viwili chini ya kaunti. Kwa hivyo hakuna haja ya kusubiri Nairobi wala shirikisho la soka na ugomvi wake usiokwisha. Chumba kimoja kinatosha kuanzia, na tangazo msikitini, kanisani na kwenye redio za hapa kwamba aliye na jezi, kikombe, picha au tiketi ya zamani aje nayo ipigwe picha na kuandikwa, kisha arudi nayo kwake akitaka. Kunyang'anya watu kumbukumbu zao kwa jina la serikali kutaua jambo hili siku ya kwanza.

Na wale vijana wakusanyaji wa Kitengela waalikwe. Wana jicho. Wanajua kusoma mshono, lebo na wino, ujuzi ambao afisa wa kaunti hana. Pia wanaishi jirani na mafundi wa EPZ wanaoshona nguo za Marekani kutwa kucha. Kushona nakala 500 za jezi ya Feisal si mlima kwao, na zingenunuliwa.

Tatizo ni kwamba fundi atauliza: ya rangi gani? Picha za magazeti ya miaka ile ni nyeusi na nyeupe. Rangi imebaki vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1965 ameshavuka 80 sasa. Baadhi yao tunawaona kila alasiri barazani, Mji wa Kale na Majengo, wakinywa kahawa na tangawizi. Anayepita hapo leo na amuulize mzee mmoja, kisha amuulize wa pili asiyemsikia wa kwanza, na ayaandike majibu yote mawili pamoja na tarehe.